Bawa la Kushoto

Hakuwa na viatu. Hakuwa na shati wala fulana. Hakuwa na ndevu, ingawa kifua chake kilikuwa cha mwanamume mzima. Hakuwa na kivuli, japo jua lilikuwa limechorwa juu yake. Na hakuwa na bawa la kushoto. La kulia lilikuwa refu hadi kwenye kifundo cha mguu, lenye madoa meupe. La kushoto lilibaki kigutu, na kwenye ncha ya kigutu hicho yalisimama manyoya mawili tu, marefu.

"Kama pembe," alisema Madam Kasyoka, naibu wa mwalimu mkuu, akiyagonga kwa kalamu. "Mzee Nyamai, wewe ni mzee wa kanisa. Nikueleze nini zaidi?"

Sikumjibu haraka. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na minne, katika darasa la gumbaru, hajibu kabla ya kutazama mara mbili. Daftari lilikuwa la Baiolojia, la mjukuu wangu Nzisa, wa kidato cha tatu. Ukurasa mmoja ulikuwa na moyo wa ng'ombe, umepimwa vizuri na kuandikwa majina. Ukurasa wa pili, yule mtu.

"Ni katuni za Kijapani," Madam akaendelea. "Anime. Wasichana wanaziangalia kwa simu za kuficha. Wanaume wenye mabawa! Na mwenye bawa moja ni malaika aliyetupwa kutoka mbinguni. Tulifundishwa kwenye semina."

"Nani anawaletea?"

"Hilo ndilo tunalotaka kutoka kwako."

Akanipa masharti. Nzisa angerudi nyumbani nami. Kabla ya Ijumaa, barua ya mlezi iwe mezani pake, ikisema mambo mawili: kwamba msichana ameombewa, na jina la mtu aliyemwingiza. Bila jina, halmashauri ya shule ingemfukuza.

"Sisi tunamshuku yule wa duka la kompyuta hapa Sultan Hamud," alisema kwa sauti ya chini. "Tariq. Wasichana wanapochapisha kazi kwake, wanatoka na mambo. Lakini hatuwezi kuandika sisi. Mzazi akiandika, watu wa hapa mjini wako tayari kumtembelea."

Nilijua maana ya kutembelewa: mawe na kiberiti. Nilijua pia yanayosemwa: kwamba majini hununuliwa Mombasa na kupandishwa barabara hii ndani ya vitu vidogo, pete, chupa, na siku hizi simu. Sikusema naamini. Sikusema siamini.

Tulifika kwetu Ikutha jioni. Kutoka Sultan Hamud ni safari ya kupitia Kibwezi. Nilimketisha jikoni mbele ya bibi yake, Kaluki.

"Yule mtu ni nani?"

"Ni mchoro tu, Umau." Umau ndilo neno letu Wakamba la babu, na yeye hulitumia hata akiwa amenikasirikia.

"Mchoro wa nani? Mvulana? Jini?"

"Si mvulana."

"Kwa hivyo ni jini!"

"Nyamai," mke wangu akaingilia, "wewe jogoo akiwika mapema unauliza ametumwa na nani. Mwache mtoto ale."

Nilimwacha ale, lakini nilimtazama. Alikula akiwa amenipa mgongo. Baba yake, mwanangu Mbuvi, yuko kazini Uarabuni, na mimi ndimi niliyemwahidi kwamba binti huyu atakuwa muuguzi. Nisingekubali afukuzwe shule kwa ajili ya mtu asiye na shati.

Asubuhi ya Jumatano nilichukua daftari jipya, kalamu mbili na fotokopi ya ule mchoro niliyopewa shuleni, nikarudi Sultan Hamud peke yangu. Sikutaka kuandika jina la mtu ambaye sijamtazama machoni.

Duka la Tariq liko karibu na reli ya zamani, kati ya muuza mbegu na kinyozi. Yeye ni kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimpa kitambulisho changu nikamwomba fotokopi. Alipogeuka nikachungulia.

"Mzee wangu," alisema bila kugeuka, "wewe ni mtu wa nne wiki hii kuleta kitambulisho huku unachungulia chini ya meza."

"Chini ya meza kuna nini?"

"Viatu vyangu. Vinanibana."

Nikatazama. Vilikuwa viatu.

"Umezaliwa wapi?"

"Kitui mjini. Nyanya yangu Tima alikuwa anauza mahamri pale sokoni. Ukitaka tuongee Kikamba, changu ni kizuri kuliko Kiswahili chako."

"Kiswahili changu hakina kasoro," nilimwambia. Ni kweli, hakina.

Nikaweka ule mchoro mezani. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akigeuza uso. Hakugeuza. Aliuchukua, akausogeza dirishani, akapiga mluzi.

"Nani amechora hii? Huyu ana mkono!"

"Nieleze kwanza kuhusu wanaume wenye mabawa. Kila kitu. Nitaandika."

Akaniangalia. Nadhani naye alikuwa akijiuliza nimetumwa na nani. Kisha akavuta kiti, akafungua kompyuta, akanionyesha. Mwenye mabawa meupe alitua juu ya paa.

"Huyu ni mwema," nilisema.

"Huyo ndiye aliyeunguza mji, mzee."

Akaja mwingine, mabawa meusi kama ya kunguru.

"Na huyu ndiye aliyeunguza mwingine?"

"Huyo ndiye aliyewabeba watoto wakatoka."

Niliandika: rangi si ushahidi. Tukaona wa mabawa ya mifupa mitupu, na mmoja ambaye mabawa yalimtoka mgongoni kwa uchungu kama mtoto anavyoota meno. Niliuliza swali lililokuwa likinisumbua tangu shuleni. Kwa nini wanaume? Kwa nini wasipewe bunduki, kama wanaume wengine wa sinema?

Tariq alikuna kidevu. "Mwanamume haruhusiwi kulia mbele za watu. Basi mchoraji anamwandikia mgongoni. Akifurahi, mabawa yanafunguka. Akiona aibu, yanajifunika. Humsomi usoni, unamsoma mgongo."

Nilipiga mstari chini ya maneno hayo. Hata hivyo, sikumwamini. Jibu zuri namna hiyo huwa limepikwa mapema.

"Na wa bawa moja? Ni malaika aliyetupwa?"

"Wapo. Lakini wale bawa limeng'oka, limeraruka, linavuja damu." Akaweka kidole juu ya fotokopi. "Hili halikuraruka. Ona, mstari umenyooka. Hili limekatwa kwa makasi. Na haya manyoya mawili yaliyoachwa, na haya madoa... Mimi nimeangalia katuni hizi tangu niko darasa la sita. Sijawahi kuona bawa kama hili. Hili si la Japani, mzee. Hili limetoka kwa mtu."

Nilikunja karatasi. Nilimshukuru kwa baridi na kuondoka bila hata kuchukua fotokopi ya kitambulisho. Njia nzima nilikuwa na orodha mpya ya washukiwa: mwalimu wa Baiolojia, kinyozi wa jirani, Madam Kasyoka mwenyewe na semina zake.

Nilipofika nyumbani Kaluki alikuwa ananingoja kando ya banda la kanga.

"Wale wadogo wameota mabawa," alisema. "Wawili wameruka ua leo. Usipowakata sasa, kesho wako msituni."

Kufuga kanga ndiyo kazi yangu ya uzeeni, na hapa Ikutha hakuna anayeifanya vizuri kunishinda. Siri ni kukata bawa moja tu. Ukikata yote mawili, ndege husawazika na bado anaweza kujirusha. Ukikata moja, akijaribu kuruka anapinduka, na baada ya siku chache anaacha mwenyewe. Mimi hukata la kushoto. Na huacha manyoya mawili ya mwisho, ili akikunja bawa, mgeni asitambue kwamba ndege amekatwa.

Nilimshika wa kwanza chini ya kwapa. Nikalifungua bawa lake, jeusi lenye madoa meupe. Nikaweka makasi, nikakata kwa mstari ulionyooka, nikafika kwenye yale mawili ya mwisho, nikasimamisha mkono.

Nilisimama hivyo hadi Kaluki akauliza kama mgongo umenikamata.

"Mwite Nzisa," nilisema.

Alikuja, akaona ndege, akaona makasi, akaona karatasi niliyoitandaza juu ya mtungi wa maji. Akainamisha kichwa.

"Ni wewe," nilisema.

"Ndiyo, Umau."

"Kwa nini basi ukamchora mwanamume?"

"Kwa sababu nikichora msichana, kila mtu atasema ni mimi."

Kaluki alicheka, kisha akaziba mdomo kwa kanga yake ya kiunoni. Mimi sikucheka. Desemba iliyopita Nzisa aliniomba abadilishe Baiolojia achukue Sanaa. Nilikataa. Nilichukua sanduku lake la rangi nikalifungia pamoja na cheti changu cha gumbaru. Nilimruhusu michoro ya Baiolojia tu, ile ya moyo na figo, na niliwaambia majirani kwamba sijamkataza mtoto kuchora. Hayo ndiyo yalikuwa manyoya mawili.

Nilimwachilia yule kanga. Alikimbia akiinama upande.

Kisha nikaingia ndani, nikafungua kufuli, nikatoa sanduku. Nzisa hakunishukuru. Alilifungua papo hapo na kukagua, moja moja, kama ninavyokagua mimi.

"Ya manjano iko wapi?"

"Muulize bibi yako. Aliitumia kutia alama mifuko ya mbegu."

Alhamisi asubuhi niliandika barua kwa karatasi ya kaboni, ili nibaki na nakala, kwa kuwa sijui wataifanya nini ile halisi.

"Madam," niliandika, "kuhusu maombi, ameombewa, nami nimejiombea. Kuhusu jina mnalotaka, nimefanya uchunguzi. Bawa lile halikutoka Japani wala duka lolote la Sultan Hamud. Ni bawa la kanga, na anayeyakata mabawa hayo ni mimi, Nyamai, wa Ikutha, mlezi wake. Anayetaka kumtembelea mtu aje kwangu, nyumba ya pili baada ya josho la ng'ombe. Mtoto arudi darasani Jumatatu, na kwa idhini yangu abadilishe Baiolojia achukue Sanaa."

Kaluki aliisoma akaniuliza kama wataikubali.

"Sijui. Yule mama ana semina nyingi."

"Na wakikataa?"

"Nitakwenda mwenyewe, na kanga mmoja chini ya kwapa, nimwonyeshe."

Nilitia barua ndani ya bahasha. Nikaramba gundi, nikabonyeza, na kwa sababu siamini gundi ya kiwandani, nikaongeza uji mzito wa unga pembeni. Nikatia sahihi juu ya mfuniko, ili atakayefungua ajulikane. Kule stejini karani wa mizigo aliahidi itafika kabla ya saa saba. Nilidai risiti, nikasoma nambari mara mbili, kisha nikasimama hapo hapo hadi nikaona kwa macho yangu bahasha ikiingia mfukoni, mfuko ukiingia garini, na gari likishika njia ya Kibwezi.