Ishirini na Tisa Wasiorudi

Wenzake kliniki walimwita Mama Dodoso, na jina lilimkaa. Kwa miaka minne muuguzi huyu alikuwa akiwauliza wagonjwa wa sonona, ile huzuni isiyoondoka, maswali yale yale tisa ya dodoso, mpaka yakamwingia kwenye damu. Mumewe akisukuma sahani kando humtania, "Usianze, mke wangu. Wiki mbili zilizopita nimekosa hamu ya chakula mara moja tu, nayo ni leo." Zamani Mama Dodoso alicheka. Siku hizi alikuwa akitabasamu nusu, kisha anakwenda kuloweka miguu.

Utafiti wao ulitaka kujua kama kukaa kundini na kuzungumza kunawafaa wenye sonona kuliko huduma ya kawaida. Watu mia na ishirini waligawanywa kwa kura, sitini huku, sitini kule. Miezi sita baadaye waliorudi kupimwa walikuwa themanini na watatu, na wale wa kundini walionekana wamepata nafuu kubwa. Daktari mkuu, mwenye utafiti, alishaanza kuandika ripoti kwa furaha.

Aliyemkata maini ni mtakwimu, mtu mkimya asiyejua kuzungushazungusha maneno.

"Waliopotea ni thelathini na saba," alisema kikaoni, macho kwenye kompyuta. "Ishirini na tisa kati yao ni wa kundini."

"Wamepona hao," daktari akajibu. "Mtu mzima wa afya arudi kliniki kutafuta nini?"

"Huenda. Au wamezidiwa. Tukiwahesabu waliobaki peke yao, tunawahesabu waliolipenda kundi."

 Macho yote yakamgeukia Mama Dodoso, maana ndiye aliyezijua nyumba zao.

Akazunguka wiki tano akiwatafuta waliopotea. Simu hazikupokelewa, au zilipokelewa na watu wengine kabisa. Kinyozi mmoja alimkaribisha kwa vicheko. Alikuwa amepona, hata njia ya kliniki ameisahau. Wengine walimfungia mlango usoni. Kwa mwalimu mstaafu alitoka dada mtu, akakiangalia kitambulisho chake, akasema, "Umechelewa, mwenzangu. Tulishamzika." Fomu ilikuwa na kisanduku cha jibu hilo. Mama Dodoso alikitia alama, akatoa pole, akaenda kukaa kwenye ngazi za duka lililofungwa.

Siku ya pili yake alimpata fundi cherehani, mama wa makamo, anashona sare za shule bila kuinua kichwa.

"Mbona ulituacha, dada?"

"Nilikwambia."

"Uliniambia nini?"

"Kwamba pale nilikuwa natoka na vilio vya watu kumi kichwani. Vyangu vilikuwa vinanitosha. Ukasema sawa, ukaandika." Akakata uzi kwa meno. "Nikajua umesikia."

Mama Dodoso akatoa fomu. Akaanza maswali. Walipofika la tisa, la mtu kuona afadhali afe, cherehani ilisimama.

"Karibu kila siku," fundi alisema.

Mama Dodoso akaweka kalamu chini. "Funga duka, dada. Twende wote. Leo sikuachi."

Wakaenda pamoja, bega kwa bega, hadi kwa daktari wa zamu, na Mama Dodoso hakutoka mlangoni mpaka fundi alipopokelewa.

Kesho yake alifungua faili la fundi mbele ya mtakwimu. Kwenye wiki ya tatu palikuwa na mwandiko wake mwenyewe: *anaendelea vizuri.*

"Foleni ilikuwa imefika nje," alisema. "Nilikuwa nimechoka. Nikaandika la kumaliza kazi."

"Wangapi namna hiyo?"

"Ningejua ningekwambia."

Mtakwimu alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Hakumlaumu. "Basi na hilo tutaliandika."

Mama Dodoso alikuwa amewapata watu ishirini na sita. Walipoingizwa kwenye hesabu, ile nafuu kubwa ikayeyuka; kundi na huduma ya kawaida vikawa vile vile. Daktari alipitia karatasi mara mbili.

"Hawa wamepimwa nje ya muda. Kanuni zinaturuhusu kuwaacha."

"Waache," Mama Dodoso alisema, na hakupandisha sauti. "Lakini jina langu litoe. Nimewafuata kwa miguu hii, daktari. Mmoja nimemkuta kaburini."

Daktari aliketi. Ghafla alionekana mzee. "Miaka minne," alisema, si kwa yeyote.

Mwishowe aliandika yote, uso umemkunjamana: aliyekufa, wasiopatikana, hata kumbukumbu zisizoaminika. Ripoti ilichapishwa kwenye jarida dogo, na hakuna aliyewapigia simu ya pongezi. Ila kliniki iliacha kumsukuma kila mtu kundini. Mgonjwa akisema vilio vya wenzake vinamlemea, humwona mshauri peke yake. Fundi cherehani alipangiwa Alhamisi. Alama zake za dodoso, ambazo hupanda sonona inapozidi, zilishuka kutoka ishirini na moja hadi kumi na nne. Si kupona huko, lakini alianza kumuuliza Mama Dodoso habari za nyumbani.

Daktari alipotangaza utafiti mwingine, Mama Dodoso aliomba likizo kwanza. Akalala siku mbili mfululizo, na mumewe akapika, asimuulize kitu.