Fidla Iliyoniozesha

Tangu taa zizimwe sikutulia. Mama mdogo Zaharia, aliyefuatana nami kutoka kisiwani Nosy Be, alinifinya paja nikae vizuri, nami nikazidi kutikisa mguu. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na filamu ya kuitangaza nchi mpya ilikuwa imefika sinema ya Mahajanga. Ndani yake nilikuwamo mimi, Echata, nachuma maua ya ilangilangi. Muziki aliutunga Chaher, mpiga fidla wa hapa mjini, mchumba wangu. Harusi yetu ilikuwa baada ya Ramadhani.

"Picha haina akili," Chaher alikuwa akipenda kuniambia. "Inaonyesha tu. Muziki ndio unaofikiri." Nami nilimcheka, nikidhani ni majivuno ya wapiga fidla.

Basi nikajiona ukutani, mkubwa kama nyumba, kapu kichwani, natembea kwenye ufukwe wa Andilana pamoja na Boinali, yule anayepima maua kwenye mizani. Tulikuwa tunacheka kwa sababu msaidizi wa mpiga picha alikuwa ameteleza akaanguka chali, lakini hilo filamu haikulionyesha. Na hapo fidla ikaanza wimbo ambao sisi Wangazija humsindikizia bwana harusi anapoingia kwa mkewe, wala hatuupigi kwa jambo lingine. Mkubwa wa filamu, mtu wa bara, alitikisa kichwa kwa raha. Kwake ilikuwa sauti tamu tu. Wanawake wetu wakapiga vigelegele ukumbi mzima.

Damu ilinichemka. Hakuna aliyetamka neno la ndoa, na nimeshaolewa na Boinali!

Asubuhi majirani wa Antanimasaja, mtaa tuliofikia, walikuja na sahani za halua, wakamlaumu mama mdogo kwa kuwaficha harusi. Alilia kwa aibu. Mimi nilizunguka ua mpaka miguu ikaniuma, kisha nikaenda kwa Chaher.

"Ulikusudia nini?"

"Nilipiga nilichokiona. Ulikuwa unamchekea."

"Si ungeniuliza?"

"Nimekuuliza," akasema. "Kwa fidla."

Hasira zikanipanda upya. Alasiri filamu ilionyeshwa tena, nikarudi. Fidla ilipoanza wimbo ule nikasimama, mama mdogo akinivuta shiromani niliyojitanda, nikaimba kwa sauti wimbo wa kumbembelezea mtoto anayekataa kulala. Watu waliduwaa, halafu wakaangua kicheko. Boinali na masharubu yake akawa kitoto kinachongoja uji, nami nikawa mama mtu anayekichekea. Picha haikubadilika hata kidogo. Chaher alikuwa amesema kweli, wallahi, na hilo liliniudhi kuliko yote.

Alinikuta mlangoni, macho yamemlowa kwa furaha.

"Umenijibu! Sasa nimeelewa. Wimbo nitaubadilisha, na harusi yetu iko palepale."

Nilimpenda, sikatai. Moyo ulitaka nicheke naye, yaishe. Lakini mwanzo aliiamini fidla yake, leo ameuamini wimbo wangu, na mimi mwenye mdomo wangu hajaniuliza hata neno moja.

"Na siku nitakayonyamaza, Chaher," nikamwambia, "utanipigia wimbo gani?"

Palepale, watu wakipita na kutukodolea macho, nikavua pete yake nikamwekea kiganjani.