Mikima Katikati ya Kahawa

Kabla hakujapambazuka nilisikia kikombe cha bati kikikwaruza ndani ya pipa. Ni Nzisa, mke wa marehemu mwanangu, alikuwa akichota maji yaliyobaki ya kufulia ayapeleke kwa miche yake. Alichota polepole ili asiniamshe. Tangu aache kazi ya kushona nguo kule EPZ Athi River akaja kukaa nami, hajawahi kunikatizia usingizi.

"Umelala, mwaitu?" aliuliza aliposikia kitanda kikilia. Mwaitu kwetu ni mama.

"Nani atalala leo?"

Ilikuwa ndiyo siku ambayo shemeji yangu Wambua alikuwa ameapa kuleta mashine ya kukata miti. Alitangaza Jumapili nje ya kanisa, kwa sauti ya mtu anayegawa msaada. Shamba letu la kahawa, hapa vilimani Kangundo, bado liko kwa jina la baba mkwe, na kwa kuwa Wambua ndiye mwana pekee aliyebaki, anajiona amerithi hata hewa iliyo juu yake.

Kosa letu ni kivuli. Nzisa amepanda mikima, ile miti mirefu ya kivuli, na migomba kati ya mistari ya kahawa, akatandaza majani makavu chini ili unyevu usitoroke. Zamani hilo lilikuwa kama dhambi. Afisa wa kilimo akikuta mgomba ndani ya kahawa alikuita mchafu mbele ya mume wako. Kahawa ilitakiwa isimame juani peke yake, udongo umefagiwa kama uwanja wa harusi. Lakini jua la siku hizo si hili. Siku hizi mvua ya Novemba inakuja ikipenda, na joto la Februari linachoma kahawa ikiwa bado changa. Tukikatiwa ile miti, hatuna kahawa tena, na Nzisa atarudi kushona suruali za watu.

Wambua habari ya jua kubadilika haijamfikia. Shamba lake, ng'ambo ya mtaro, ni safi kabisa. Msimu uliopita matunda yalikauka meusi kwenye matawi yake, akalaumu dawa, akalaumu chama cha ushirika, akamlaumu mke wake Kamanthe kwamba anapalilia kwa moyo mbaya. Jua peke yake ndilo alilolisamehe. Sijawahi kumwona mtu huyu akishika jembe bila kuangalia kwanza kama kuna anayemtazama.

Alifika jua likiwa limeshapanda, kofia pana kichwani, viatu vinang'aa. Nyuma yake alikuja Musili, mwenye mashine. Musili alinisalimia kwa mikono miwili, akaweka mashine yake chini taratibu, mbali na mche wa kahawa. Nililiona hilo.

Wambua hakujua kwamba siku hiyo ilikuwa ya mwethya kwetu. Wanawake wa hapa tunalimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na Nzisa alikuwa amewaomba zamu yetu iletwe siku hiyo. Walikuwa tayari wako ndani ya kahawa, wakichimba mashimo ya kushika maji ya mvua. Kamanthe alikuwa miongoni mwao.

"Huu ni msitu," alisema Wambua. "Shemeji, unafuga fisi humu?"

"Hatukuwa naye mpaka saa hii," alijibu Kalondu kutoka kwenye mashimo, na wanawake wenzake wakaangua kicheko.

"Na huyu mshona suruali ndiye mwalimu wa kahawa siku hizi? Baba yangu alilima hapa bila kivuli hata cha mwavuli!"

"Baba yako alilima na mvua," alisema Nzisa. "Niletee hiyo mvua, mikima nitaikata mwenyewe."

"Usinijibu! Musili, washa."

Sasa, mwethya una desturi yake. Anayesimama katikati ya wanaolima bila jembe, huimbwa. Kalondu alianza bila hata kuinua mgongo, wenzake wakamjibu.

"Tumepata mgeni, jembe lake liko wapi?"

"Liko kwa fundi, linapigwa pasi!"

"Na shamba lake je?"

"Amelifagia, na kahawa akaifagia!"

Musili alicheka mpaka akaachia kamba ya kuwashia mashine. Wambua alipiga kelele, jasho likamtoka, akajipangusa, na akasogea chini ya mkima. Kamanthe aliona. Akaweka jembe chini.

"Baba Kavata, toka hapo kwenye kivuli."

"Unasema nini?"

"Toka. Na uvue kofia. Nenda usimame katikati ya kahawa yetu mpaka mchana, bila maji. Ukirudi mzima, hii miti nitaikata mimi kwa panga."

Maisha yao yote ya ndoa sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi mbele ya mumewe. Wambua aliangalia upande wa shamba lake, ambako mwanga ulikuwa ukicheza juu ya udongo mtupu kama juu ya mabati. Hakusogea, na wote tulimwona asivyosogea.

"Mwanamke wewe, hiyo ni kahawa, si mtu."

"Ndiyo maana haiwezi kujiondoa juani," alisema Kamanthe.

Musili aliinua mashine begani. "Mzee, mimi naenda. Miti ya hawa akina mama siwezi." Wambua alibaki amesimama, kama anayengoja kuombwa asiende. Hakuna aliyemwomba. Mwishowe akaenda zake kwa njia ndefu ya kando ya ua, ile yenye kivuli. Jioni, pale dukani, aliwaambia watu kwamba ametusamehe.

Kesho yake nilivuka mtaro kumwona Kamanthe, maana nilimwogopea. Nilimkuta akipanda machipukizi ya mgomba aliyopewa na Nzisa. Wambua alikuwa ameketi barazani, ametugeuzia mgongo.

"Hili amechimba yeye," Kamanthe alininong'oneza, akinionyesha shimo moja lililopinda.

"Ni la kuzikia kuku?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Nilimsaidia kutandaza majani mpaka kiuno kikakataa, nikaaga. Nilipopita barazani Wambua hakugeuka.

"Shemeji."

"Naam."

"Kesho mje tena, wewe na Nzisa," alisema kwa ukali, kana kwamba ananifukuza.