Majibu ya Damu ya Brandon

Sabah aliyapima yale maji mara tatu, na mara zote mashine ikampa jibu lile lile. Yalikuwa maji safi ya maabara, ndani ya mrija ambao haujawahi kutiwa damu ya mtu, na bado yalikuwa na risasi, yale madini yenye sumu. Basi sumu ilitoka kwenye mirija yenyewe, boksi zima. Na ni katika boksi hilo alimotoa mrija wa damu ya Brandon, mtoto wa miaka minne wa Kisauni aliyempima katika utafiti wake.

Wiki iliyopita alikuwa amempigia simu Pascalia, mama yake Brandon, akamwambia damu ya mwanawe imejaa risasi. Pascalia alijua papo hapo wa kumlaumu. Baba mkwe wake, Mzee Ngowa, alikuwa akiyeyusha risasi ya betri kuukuu pale uani akitengeneza chubwi, vile vizito ambavyo wavuvi hufunga kwenye mishipi.

Sabah angeweza kunyamaza. Kazi ya mzee ilikuwa ya hatari kweli; nani angeuliza? Hakunyamaza. Alichukua boksi jipya, akalipima kwanza, akalikuta safi, akaenda Kisauni mchana ule ule.

Pascalia alimpokea kwa furaha. "Karibu daktari. Mzee tushamtoa hapa. Yuko kwa dadake, Frere Town."

"Pascalia, nimekuja kukwambia nilikosea."

Alimweleza habari ya mirija bila kuficha neno. "Ilinipasa kuipima ikiwa mitupu kabla ya kukupigia. Sikuipima. Sasa sijui damu ya Brandon ina nini. Nataka niipime upya, na ya mzee pia."

Pascalia alimkazia macho. "Mume wangu alimwita babake muuaji mbele ya majirani. Kwa maneno yako."

Sabah alifungua mrija mpya. Alimtoa mtoto damu, kisha wakaenda Frere Town pamoja.

Mzee Ngowa aliwasikiliza mpaka mwisho. "Mjukuu wangu ni mzima?"

"Sijui bado, mzee. Nipe siku mbili."

Mzee alimnyooshea mkono atolewe damu. Sabah akaona kiganja kinaning'inia. Mzee alijaribu kukiinua, hakikuinuka.

"Hivi tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Na tumbo laninyonga. Nilidhani ni uzee."

Siku ya pili majibu yalitoka. Damu ya Brandon ilikuwa na risasi kidogo, ya kuangaliwa tu. Ya mzee ilikuwa na risasi nyingi kiasi kwamba Sabah alisimama kabla hajamaliza kusoma. Safari hii alimpigia Garama mwenyewe, mume wa Pascalia na mwana wa mzee.

"Babako alazwe leo," alimwambia. "Yeye ndiye mgonjwa."

Garama aliuliza: "Una hakika?"

"Nimepima mara tatu. Na mirija nimeipima kwanza."

Garama alimfuata babake Frere Town, akamfikisha hospitali kabla ya saa kumi. Mzee alitibiwa majuma matatu kwa dawa ya kuondoa risasi mwilini. Kiganja kilianza kuinuka, si sana. Udongo wa uani ulichimbwa ukaondolewa, na hakuna aliyeyeyusha betri pale tena.

Sabah alikiri kosa mbele ya wakubwa wake, na sampuli zote za boksi lile, kazi ya miezi minne, zikatupwa. Kila Ijumaa ya majuma yale alikwenda wodini. Mzee Ngowa alimwitikia salamu, akampa na kiti. Garama, akimwona anaingia, alitoka nje.