Karanga za Uji

"Kaanga tena, Mama Mwavita. Harufu ingali iko."

Florentin alisema hivyo akiwa mlangoni mwa depo yake ya karanga, mtaani Alunguli mjini Kindu, kitambaa puani. Uani, Mwavita alizikoroga karanga kikaangoni. Asubuhi nzima alikuwa amezichambua: safi kwenye gunia la kupakiwa ndegeni kwenda Kinshasa, zilizoota ukungu wa kijani kwenye beseni. Hizi za beseni zilikaangwa mpaka ziwe nyeusi, zikasagwa, zikauzwa rahisi. Unga wa uji. Wa watoto, maana mtu mzima angeonja akatema.

Ujuzi huo aliupata vitani. Reli ilipokatika na Kindu ikafungiwa na njaa yake, alikaanga ukungu vivyo hivyo akamlisha mwanawe Didier, naye akala na kuomba tena. Kisha Didier akavimba tumbo, macho yakawa ya manjano, akafa kabla treni haijarudi. Kila mtu alisema ni vita. Mwavita naye alisema ni vita, mpaka juzi muuguzi alipowaambia akina mama kwamba sumu ya ukungu haifi motoni, na inaharibu ini la mtoto.

"Muuguzi alisema iko sumu," alimwambia Florentin.

"Muuguzi anauza karanga? Wakati wa vita mulikula mubaya kupita hii, na muko wazima."

Muko wazima. Hasira zilimpanda Mwavita. Leo kuna vita gani hapa? Nani amemshikia bunduki huyu bwana?

Hapo Sandrine, jirani yake, akaingia uani na bakuli, mtoto mgongoni. "Mama, unipimie unga wa ile bei ya chini."

"Haiko tena," Mwavita alisema. Akainua kikaango akamwaga karanga zote motoni, kisha akamalizia na zilizobaki kwenye beseni. Moshi mchungu ukajaa ua. Florentin alifoka kwamba kazi imekwisha, asikanyage hapo tena.

Sandrine alibaki na bakuli tupu. "Sasa mutoto atakula nini leo?" Naye alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki.

Mwavita aligeukia gunia la karanga safi, akafungua kamba.

"Ile ni ya Kinshasa," Florentin alisema, sauti imemshuka.

Mwavita akachota kwa mikono miwili, akamimina bakulini, akachota tena.