Pua ya Pili

Esekon alikichagua king'ora cha moshi mwenyewe, kwenye duka la vifaa vya umeme Lodwar. Muuzaji alimletea kimoja chenye vijitaa vya kumetameta kama disko, akakataa. Yeye alitaka chenye kitufe cha kujaribia na betri ya kudumu, maana Kakuma stima huja kama mgeni rasmi: huchelewa, na ikifika haikai. Akakibonyeza palepale. Wateja wawili wakatoka mbio.

"Hiki ndicho," akasema.

Lakini kujua kuchagua si kujua kuweka. Alipofika Kakuma kwa nyanya yake, alikipachika jikoni juu ya mafiga. Si moto unakaa jikoni? Asubuhi, Nyanya Akidor akafukiza kibuyu chake cha maziwa kwa kijiti chenye kaa, kama afanyavyo siku zote ili maziwa yanukie na yasiharibike upesi. King'ora kikapiga yowe. Jirani yao Nakuleu akaruka ua na beseni, akammwagia Nyanya maji ya kunywa, yeye na kibuyu chake.

"Nakuleu amenidhani mimi ni nyumba," Nyanya alisema akikamua shuka. "Sasa sikia, mjukuu bwana wangu. Kitu chako kikilia tena nikifukiza, nakiangusha kwa mwiko. Halafu wewe panda basi lako."

Basi la kurudi Lodwar lingepita adhuhuri. Esekon alicheka, ila hakusahau kilichomleta. Mwezi uliopita betri ya sola ilishika moto nyumba ya tatu kutoka hapo, wenyewe wamelala. Walitoka na roho zao tu. Na betri ya Nyanya ilikaa chumbani, kando ya godoro alilolalia na watoto wawili wa Rispa, dadake Esekon aishiye ng'ambo ya barabara.

"Nyanya, moshi ukifuka hapa jikoni, nani anajua kwanza?"

"Mimi! Kwani hii pua ni ya kupamba uso?"

"Na usiku?"

"Usiku nimelala. Yako wewe hukesha?"

Esekon akajipiga paja. "Basi jikoni tuna askari tayari, tena mkali. Nimeajiri wa pili kwenye lango moja!"

Akapanda juu ya ndoo, akakihamishia chumbani: kwenye dari, katikati, mbali na pembe na dirisha linaloingiza vumbi. Betri ya sola akaiondoa kando ya godoro. Akafunga mlango wa chumba.

"Haya, fukiza."

Nyanya alifukiza kwa makusudi, mwiko mkononi, hadi machozi yakamtoka. Kimya.

"Kimekufa?"

"Kinakungoja ulale." Esekon akachukua kijiti kikiwa bado kinafuka, akaingia nacho chumbani, akakiinua chini ya dari. Yowe likatikisa nyumba.

Beseni likatokea juu ya ua, kisha Nakuleu mwenyewe.

"Rudisha maji yako!" Nyanya akamkemea. "Tunajaribu tu. Lakini hizo mbio usiziache."

Honi ya basi ikalia barabarani. Nyanya akautundika mwiko ukutani.

"Nenda. Ukirudi lete kingine, cha Rispa. Na umwambie asikitundike mafigani. Si kila mtu amejaliwa bwana mwerevu kama wangu."