Mbawakawa kwenye Kiti cha Mbele

Asubuhi vita ilipofika Kamanyola, mji wa jirani, Maman Emérence alikuwa anakata papai la wanyama wawili wa kituo cha kutunza wanyama, pale Bukavu. Wa kwanza alitoka nchi ya mbali, mkubwa kama paka, tumboni ana mfuko wa kubebea watoto. Wa pili alikuwa mbawakawa, mdudu wa gamba gumu la kijani, mdogo kuliko kidole gumba. Jamii zao zote mbili zilikuwa karibu kuisha duniani, na ndege ilikuwa imetumwa uwanja wa Kavumu kuokoa mmoja.

Papa Xavier, mkubwa wa kituo, alikaa kuwalinganisha.

«Wa mufuko, mumebaki ngapi?»

«Mia tatu,» mnyama akajibu.

«Na weye, kadudu?»

«Arobaini. Na usiniite kadudu.»

Akaandika. Maman Emérence akapangusa kisu kwenye kitenge, akamvuta mjukuu wake wa miaka minne.

«Papa, andika na Joviale. Kwa wajukuu wangu wote amebaki huyu mumoja.»

Papa Xavier alitafuta safu ya mtoto, mbele ya karatasi na nyuma.

«Watoto duniani wako wengi, maman.»

Hapo mnyama akafungua mfuko wake. Joviale akaingia, kandambili moja ikabaki nje. Papa Xavier akawapima: kilo kumi na sita. Karatasi ilimruhusu mnyama kilo mbili tu. Basi mbawakawa akashinda kwa idadi na kwa uzito.

Kule Kavumu, walikokwenda wote, ndege ilikuwa na viti kumi na viwili. Rubani akaweka kiboksi cha mbawakawa kwenye kiti cha mbele, akakifunga mkanda.

«Nafasi iko,» mbawakawa akasema. «Miye sijajaza hata kiti moja.»

«Viti ni vya walioandikwa kwenye karatasi,» rubani akajibu.

Maman Emérence akamgeukia mkubwa wake. «Kitendawili, papa.»

«Tega, lakini mbiyo.»

«Nyumba inawaka. Mwenye maji anauliza kwanza: kati yenu, nani ni haba?»

«Sijui, maman.»

«Na miye sijui. Ndiyo maana nakuuliza weye mwenye kalamu.»

Papa Xavier akapanda kiti cha pili, kwa kuwa karatasi ilitaka mdudu awe na msindikizaji. Mlango ukafungwa.

Maman Emérence na mnyama wakashika njia ya Kalehe kwa miguu, mnyama mbele, Joviale amelala mfukoni. Kwenye kizuizi, askari akasoma kibati cha shingoni mwa mnyama: mnyama wa kulindwa. Akainua kamba. Mtoto wa mfukoni, akasema, huhesabiwa pamoja na mama yake. Mnyama alipopita, akashusha kamba, akamwomba Maman Emérence karatasi yake.

«Sina, mwanangu.»

«Basi ikala hapo, mama, usipite.»

Ng'ambo ya kamba mnyama alingoja mpaka jua likageuka, kisha akaendelea na safari.